Mwiteni Padre mgonjwa angali anaongea

Kila inapokaribia tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, ofisi yetu ya kichungaji jimboni hupokea malalamiko ya aina mbili. Familia zinalalamika kwamba Padre alifika mgonjwa akiwa ameshakata roho. Mapadre nao wanalalamika kwamba wanaamshwa usiku wa manane kwenda kwa mtu aliyelala kitandani miezi mitano, na muda wote huo parokiani hakuna aliyeambiwa. Tukifuatilia, mara nyingi tunakuta chanzo ni kimoja, nacho ni hofu. Watu wanaamini kwamba Padre akiingia na mafuta ya Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, mgonjwa haponi tena.

Hilo si fundisho la Kanisa. Jina "mpako wa mwisho" lilitumika zamani, ni kweli, na wazee wetu walilipokea hivyo. Lakini mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, ulisema wazi kwamba sakramenti hii si ya walio katika saa ya kufa peke yao, na mwaka 1972 Papa Paulo VI akaitengeneza upya ibada yake. Zaidi ya miaka 50 imepita, na bado tukiwashauri ndugu wamwite Padre tunajibiwa, "Kwani amefikia hapo?" Tafadhali, tuyaache maneno hayo.

Someni Yakobo 5:14 polepole. "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa Kanisa." Anayeita hapo ni mgonjwa mwenyewe, maana yake bado ana sauti na akili zake. Sisi tunasubiri sauti ikatike ndipo tuite kwa niaba yake.

Niliwahi kuitwa kwa bibi mmoja mwenye saratani. Wanawe walinipokea nje, chini ya mwembe, wakaniomba niifiche mfukoni stola, kile kitambaa kirefu Padre anachovaa shingoni anapotoa sakramenti, na niseme nimepita kusalimia tu. "Padre, mama akijua atakata tamaa." Nilikataa kwa upole, nikaingia. Bibi akaitazama stola, akavuta kanga kujifunika mabega, akasema, "Padre, umekawia. Nilitaka uitwe tangu Kwaresima, nikaogopa kuwatisha watoto." Nyumba nzima ilikuwa inaogopa, kila mtu akimficha mwenzake. Aliungama, akapakwa mafuta kwenye paji la uso na viganjani, akapokea Ekaristi, kisha akaomba uji. Mwanawe mkubwa ndiye aliyelia.

Kuogopa kufa si dhambi. Kristo mwenyewe alifadhaika kule Gethsemane, akawaomba rafiki zake wakeshe naye, akamweleza Baba hofu yake bila kuificha. Mgonjwa anayemtumaini Mungu anaweza kutetemeka vilevile. Tofauti ni kwamba anatetemeka akiwa na mtu wa kumshika mkono, na anajua yuko mikononi mwa nani.

Sasa utaratibu. Anayestahili kupakwa ni mbatizwa Mkatoliki aliyefikia umri wa kutumia akili, na ambaye ugonjwa au uzee umemweka katika hatari. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji kwa ugonjwa mzito anaweza kupakwa kabla hajaenda. Aliyepoteza fahamu hupakwa, ikiwa angeomba kama angekuwa na akili zake. Ikiwa kuna shaka kama amefariki, hupakwa pia. Aliyefariki kwa hakika huombewa tu. Mwambieni mwenyekiti wa jumuiya au katekista, au pigeni simu ofisi ya parokia, mkitaja jina, mahali alipo, kama ana fahamu na kama anaweza kumeza. Nyumbani andaeni meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Hospitalini mwambieni muuguzi wa zamu kwanza, na mshumaa usiwashwe kamwe penye oksijeni. Dawa za daktari ziendelee kama kawaida. Hakuna ada.

Mgonjwa anapoungama, tokeni chumbani nyote, na simu zitoke nanyi. Padre akivunja siri ya Kitubio, yaani ya maungamo, moja kwa moja, anajitenga na Kanisa papo hapo, na kuondolewa adhabu hiyo ni juu ya Kiti cha Kitume, yaani Papa na ofisi zake Roma. Lakini kanuni ya 1386 ya Sheria za Kanisa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2021, inamgusa pia mtu yeyote anayerekodi maungamo kwa chombo chochote au kuyasambaza. Vilevile, kwa kanuni ya 1003, ni Padre peke yake anayeweza kutoa mpako huu. Msimlazimishe katekista wala Sista, hata kama Padre yuko mbali, kwa sababu anayejifanya kutoa sakramenti anastahili adhabu chini ya kanuni ya 1379. Wanachoweza kufanya ni kusali na mgonjwa na kukaa naye, na hilo si jambo dogo.

Ombi moja hatutalikubali: kupewa mafuta kwenye chupa ya kwenda nayo nyumbani. Mafuta haya si kinga ya kupaka mlangoni. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta yaliyoaminiwa kuwa na uponyaji. Walikuwa wagonjwa, wazazi na watoto, watu wenye hofu kama sisi. Tuwaombee, na tusiwafundishe watoto wetu kukimbilia chupa.

Mwaka huu parokia zetu zitakuwa na Misa yenye mpako kwa wagonjwa na wazee. Waandikisheni mapema kupitia jumuiya ili tupange usafiri na viti. Waliopakwa mwaka jana na hali yao imezidi kuwa mbaya wanaruhusiwa kupakwa tena, kwa hiyo nao waandikwe. Na kabla ya kuandika jina la mzee wenu, muulizeni mwenyewe. Huenda amekuwa akisubiri mumuulize.