Kushika mkia hakumhakikishii mtu kinda bora

Ule ujumbe wa hoki ya barafuni hauishi kurudi kwenye magrupu ya michezo hapa Lamu, hadi watu wanabishana barazani baada ya isha. Unadai kwamba kule Marekani na Kanada, meneja mkuu wa timu mbovu huifungisha makusudi ishike mkia, basi kapewa kinda bora.

Sivyo. Kila mwaka timu za ligi hiyo, NHL, huchagua vijana wapya kwa zamu, na tangu 1995 kuna bahati nasibu ya kupanga nani achague kwanza. Vipira 14 vyenye namba huzungushwa mashineni, vikatolewa vinne. Michanganyiko yake ni 1,001, na timu zilizokosa mtoano hugawiwa michanganyiko hiyo kwa idadi tofauti. Kwa kanuni za sasa, ya mwisho ina asilimia 25.5 tu ya kuchagua kwanza, ila haishuki chini ya nafasi ya tatu. Kosa linaeleweka: zamani ya mwisho ndiyo iliyochagua kwanza.

Na hata akipatikana, kinda ni wa miaka 18. Meneja bado ana kubadilishana wachezaji, kulea vijana na kubana mishahara isivuke kikomo.

Ukiletewa tena, usiusambaze. Linganisha msimamo wa ligi na orodha ya zamu za kuchagua vijana: mwaka 2025 iliyoshika mkia ilichagua ya pili.