Cinderella Hakuharibiwa na Mtu

Kila tunapofika kwenye hadithi katika somo la fasihi simulizi, sentensi ile ile hunifuata darasani, ofisini, hata njiani nikitoka skuli: "Mwalimu, ile tamthilia imeiharibu hadithi ya Cinderella." Wanafunzi wanaisema, wazee wao wanaisema, na siku hizi naikuta imeandikwa kwenye karatasi za majibu kana kwamba ni ukweli uliothibitishwa. Nimeshaijibu kwa mdomo mara nyingi mno. Sasa naijibu kwa maandishi, na pamoja nayo nyengine chache zinazofuatana nayo.

Tamthilia yenyewe ni Once Upon a Time ya kituo cha ABC cha Marekani, iliyoanza Oktoba 2011 na kumalizika Mei 2018 baada ya misimu 7. Kwetu Pemba imezunguka kwa flashi na kwa simu, na vijana wanaijua kuliko vitabu vyao. Inayolaumiwa zaidi ni sehemu ya nne ya msimu wa kwanza, "The Price of Gold", iliyorushwa tarehe 13 Novemba 2011.

"Wameiharibu hadithi ya asili"

Kwanza tukumbushane kisa. Ella, ndiye Cinderella wao, analia peke yake usiku wa dhifa ya mfalme. Anamtokea yule bibi wa ajabu mwenye kifimbo, lakini kabla hajatenda lolote mchawi Rumplestiltskin anamuua na kukitwaa kifimbo. Anamwambia Ella kwamba uchawi una bei, kisha anampa mkataba atie saini. Ella hausomi. Anatia saini, anakwenda dhifani, anaolewa na mwana wa mfalme aitwaye Thomas, halafu ndipo anapojua kwamba bei ni mtoto wake wa kwanza. Wanamtega Rumplestiltskin kwa kalamu iliyotiwa uchawi, anafungwa chini ya mgodi, na papo hapo Thomas anatoweka. Upande wa pili wa tamthilia, katika mji wa siku hizi uitwao Storybrooke, Ella huyo huyo ni Ashley, msichana mjamzito anayeishi kwa kazi za usafi, na mtoto aliye tumboni ameshatolewa ahadi kupitia Bwana Gold, ambaye ni Rumplestiltskin yule yule.

Sasa mtu akiniambia hii imeharibu "hadithi ya asili", mimi humuuliza: asili ipi? Na jibu ni moja kila siku. Panya wanaoshona nguo, boga linalogeuka gari, saa sita za usiku. Hiyo ni filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1950! Wapo mabibi wengi hapa Pemba waliozaliwa kabla yake. Filamu iliyo ndogo kuliko bibi yako haiwezi kuwa chimbuko la kisa ambacho watu wamekisimulia kwa karne na karne.

Disney alichukua kutoka kwa Mfaransa Charles Perrault, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1697. Boga, kiatu cha kioo na yule bibi wa kifimbo vimo kwake. Lakini nenda kwa ndugu Grimm wa Ujerumani, mwaka 1812: hakuna boga, na bibi wa kifimbo hayupo kabisa. Upo mti uliota juu ya kaburi la mama, nao ndio unaompa binti nguo. Dada zake wa kambo wanakata nyama ya miguu yao, mmoja kidole na mwengine kisigino, ili kiatu kiwaingie, na damu inawaumbua. Katika chapa ya 1819 wakaongeza njiwa wanaowadonoa dada hao macho. Kwa hiyo Grimm wenyewe waliibadilisha hadithi yao ndani ya miaka saba, na hakuna anayesema waliiharibu.

Rudi nyuma zaidi, Napoli, kwa Giambattista Basile, ambaye kitabu chake kilitoka miaka ya 1634 hadi 1636, baada ya yeye kufa. Binti wake anaitwa Zezolla, na huyo anamuua mama wa kambo kwa kumwangushia kifuniko cha kasha shingoni. Aliyemshauri ni mwalimu wake, ambaye baadaye anaolewa na baba na kuwa mama wa kambo mbaya kumshinda wa mwanzo. Rudi tena, China, karne ya 9: Duan Chengshi aliandika kisa cha Ye Xian, binti anayesaidiwa na mifupa ya samaki aliyeuawa na mama wa kambo. Na kiasi cha miaka 2,000 iliyopita Mgiriki Strabo alieleza habari ya Rhodopis, ambaye tai alimnyakulia kiatu akaenda kukiangusha mapajani mwa mfalme wa Misri, na mfalme akaamuru mwenye kiatu atafutwe.

Hebu niambieni katika hao wote ni nani mharibifu na ni nani mwenye mali.

Hakuna. Na hili ndilo ninalotaka liingie vichwani, kwa sababu asiyelielewa hili hajaielewa fasihi simulizi hata kama amekariri tanzu zote. Kisa hakina nakala moja ya kweli iliyofungiwa mahali ikisubiri kulinganishwa na nyengine. Kila fanani, yaani msimulizi, hukitoa upya mbele ya hadhira yake. Wasimulizi wetu wa zamani walilijua hilo wazi wazi, na wakilitamka mwisho wa kila hadithi: ikiwa njema ni ya watu wote, ikiwa mbaya ni yangu mimi niliyeisimulia. Sikilizeni vizuri maneno hayo. Wema wa kisa ni wa jamii nzima, lakini usimulizi wa usiku ule una mwenyewe, na lawama ni zake. Bibi wa Konde na bibi wa Mkoani wakisimulia kisa cha zimwi na mtoto wa kike, mmoja atamwokoa mtoto kwa wimbo, mwengine kwa ndugu yake mdogo asiyetazamiwa. Hakuna aliyewahi kumwambia bibi wa Mkoani kwamba ameharibu.

Na kuunganisha visa viwili, jambo linalowaudhi wengi katika sehemu hii, ni kazi ya fanani tangu zamani. Kisa cha Rumplestiltskin, kijitu anayesokota majani makavu yakawa dhahabu, kisha akadai mtoto wa kwanza wa malkia, ni kisa kingine cha Grimm. Lakini tazameni vinavyofanana: katika vyote viwili yupo msichana mnyonge anayefika ikulu kwa msaada wa nguvu asiyoijua. Katika kimoja msaada ni wa bure. Katika cha pili unalipiwa kwa uchungu. Waandishi wa sehemu ile waliviweka pamoja wakauliza: na Cinderella naye, angedaiwa nini? Hilo ni swali la mtu anayezijua hadithi zake. Hata mwisho wake umefikiriwa, kwa sababu Emma, mhusika mkuu wa tamthilia, anapomnusuru Ashley na mtoto wake, deni halifutiki. Linahamia kwake, naye anabaki na ahadi kwa Bwana Gold. Mimi naona nusu ya Storybrooke imekwenda mbio kupita kiasi, na Ashley hakupewa nafasi ya kutosha ya kuzungumza. Hiyo ni tathmini. "Wameharibu" si tathmini, na sitaipa maksi.

Mwanafunzi anayetaka maksi aniulizie maswali haya manne: nani anasimulia, anamsimulia nani, amebadilisha nini, na badiliko hilo linafanya kazi gani? Yanatosha kwa Cinderella na yanatosha kwa zimwi la Konde.

"Sisi hatuna hadithi kama hizo, zetu ni za sungura tu"

Hii inaniuma, maana inasemwa na watoto wa visiwa ambavyo hadithi zake zilichapishwa London tangu mwaka 1870. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu na kulijenga Kanisa la Mkunazini, alikusanya hadithi kutoka kwa watu wa Unguja na kuzitoa kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwaka 1901 George Bateman naye akatoa mkusanyo wake wa hadithi za Zanzibar huko Chicago.

Someni humo kisa cha Sultani Darai. Maskini anapekua jaani, anaokota thumuni, ananunua paa. Watu wanamcheka, lakini paa anasema. Anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani kwa niaba ya bwana wake, anamposea binti, anamvisha bwana nguo za kifalme, kisha anamuua nyoka wa vichwa saba na kuitwaa nyumba yake iliyojaa mali. Mtazamaji wa katuni atapiga kelele: huyu ni yule paka mwenye viatu! Naam, ni jamaa yake wa karibu. Lakini paka wa Perrault anaishia kuwa bwana mkubwa, ameshiba. Paa wetu anaugua, na bwana yule aliyetolewa naye jaani anaamuru apikiwe uji wa mtama. Mke anasihi, bwana hasikii. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Ndipo siku moja mke anaamka akajikuta kwa baba yake, na bwana anaamka akajikuta jaani, anapekua kama zamani.

Kwa Basile pia, Napoli, paka anajifanya amekufa ili ampime bwana wake, na bwana anasema atupwe dirishani. Utovu wa shukrani uko Napoli na uko Unguja, lakini kwa Perrault haupo. Mimi nauona mwisho wa Unguja kuwa na nguvu kuliko wote, kwa sababu ni huo tu unaomrudisha mtu jaani. Kama tunataka tamthilia ya kupasua moyo, malighafi tunayo.

"Ndugu Grimm walizitunga wenyewe" na dai mwenzake, "walizunguka vijijini kwa miguu wakizikusanya"

Zote mbili si sahihi. Hawakuzitunga. Wala hawakuzunguka sana vijijini: wasimulizi wao wengi walikuwa watu wa mjini wenye elimu, na baadhi walitoka familia zenye asili ya Ufaransa. Dorothea Viehmann, msimulizi wao mashuhuri, alikuwa mke wa fundi cherahani. Wakahariri chapa baada ya chapa hadi 1857. Katika chapa ya kwanza aliyetaka Snow White auawe alikuwa mama yake mzazi. Ndugu hao wakambadilisha wakamfanya wa kambo.

"Hizi ni hadithi za watoto, wakubwa wameziingilia"

Basile aliwaandikia watu wazima. Perrault alisomwa na watu wa makasri. Toleo la kwanza la Grimm lilikuwa na maelezo ya kitaalamu ambayo mtoto asingeyagusa. Hata kwetu, usiku wa hadithi ulikuwa wa nyumba nzima, na wakubwa ndio waliokuwa wa mwanzo kuitikia "Pakawa!"

"Inafundisha watoto uchawi"

Hili huletwa na wazee, nami nalipokea kwa heshima, kwa sababu kumchagulia mtoto anachotazama ni haki yao, na sehemu ile ina mauaji yasiyomfaa mtoto mdogo. Lakini isemwe ilivyo: anayekimbilia uchawi katika kisa kile anajuta, na kosa lake kubwa ni kutia saini karatasi asiyoisoma. Hadithi zetu zina majini na mazimwi tele, na mtoto wa Kiswahili hufundishwa kabla hazijaanza kwamba anaingia kwenye uwongo wenye utamu: "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Tatizo ni mtoto kutazama peke yake, usiku, bila mtu wa kumwambia maneno hayo. Kaeni naye.

"Nimetoa mfano wa tamthilia, mbona nimekosa?"

Umekosa kwa sababu swali liliuliza mfano wa hadithi katika fasihi simulizi. Tamthilia ya televisheni imeandikwa, imeigizwa, imerekodiwa, na haibadiliki hata ukiguna au ukisinzia. Fanani wa kweli anakuona ukisinzia naye anapandisha sauti. Tamthilia inaweza kutumia visa vya simulizi. Haiwi simulizi kwa sababu hiyo.

Mfano unaotakiwa uko nyumbani kwenu. Mwendee bibi, au mzee yeyote wa mtaani anayejua hadithi, baada ya isha, mwombe kwa adabu, na umuombe ruhusa kabla ya kuiwasha simu. Anza kurekodi kabla hajaanza, ili "Paukwa" yake iingie, na kama anajua "Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa", iingie yote. Usizime akinyamaza, kwa sababu mara nyingi wimbo huja baada ya kimya. Andika alijifunza kwa nani, katika kijiji gani, na nani walikuwepo wakisikiliza. Akisema Kipemba, andika Kipemba, usimsahihishe kwa Kiswahili cha kitabuni. Akisimulia tofauti na ulivyosikia kwa mtu mwengine, usimkatize. Hiyo ndiyo sehemu yenye maksi nyingi. Na kabla ya kulala ihamishie rekodi kwenye simu ya pili, kwa maana simu za wanafunzi wangu hupotea, na hadithi zilizomo hupotea nazo.