Programu ya mali za kudumu: bei yake na gharama yake

Mali ya kudumu ni kitu ambacho taasisi imekinunua ikitumie, haikukinunua ikiuze, na itakitumia kwa zaidi ya mwaka mmoja: jengo, gari, mashine, jenereta, kompyuta, meza. Programu ya mali za kudumu ndiyo inayoshika kumbukumbu za vitu hivyo: kilinunuliwa lini, kwa kiasi gani, kiko wapi, kiko mikononi mwa nani, uchakavu wake (sehemu ya bei inayohesabiwa kuwa imeshatumika kadiri miaka inavyopita) umefikia wapi, na siku kikiuzwa au kikitupwa kimeacha faida au hasara gani. Mwisho wa mwezi inapiga hesabu ya uchakavu na kuipeleka kwenye leja kuu, yaani kitabu kikuu cha hesabu za taasisi. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, na wengi bado wanaifanya kwa Excel.

Kiswahili kina maneno mawili hapa, na ni vizuri kutoyachanganya. Bei ni kile muuzaji anachoandika kwenye proforma, ile ankara ya awali anayokupa kabla hujanunua. Gharama ni kila kitakachokutoka tangu siku unaamua kununua mpaka siku unaiacha programu hiyo, ukihesabu na siku za kazi za watu wako ambazo hakuna atakayekuletea ankara yake. Kwa programu hizi, bei mara nyingi ndiyo sehemu ndogo.

Tuanze na bei, maana ndiyo rahisi. Njia ya zamani ni kununua leseni: unalipa mara moja, programu inawekwa kwenye seva yako, kisha kila mwaka unalipa ada ya matengenezo, ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 15 na 25 ya bei ya leseni. Ukiacha kuilipa programu haizimiki, ila hupati matoleo mapya wala mtu wa kupokea simu ukikwama. Njia ya pili ni usajili: programu iko kwenye seva za muuzaji, unaingia kupitia intaneti, unalipa kwa mwezi au kwa mwaka. Ukiacha kulipa, mlango unafungwa.

Chukua namba tupu, bila sarafu. Leseni ni 100, matengenezo ni 20 kwa mwaka, na ya mwaka wa kwanza yamo ndani ya bei. Kwa miaka 5 umelipa 180. Usajili wa programu ya kiwango hichohicho ni 40 kwa mwaka, yaani 200 kwa miaka 5. Tofauti ni 20, na bado hujahesabu seva na mtu wa kuitunza, ambavyo kwa mwenye leseni ni juu yake mwenyewe. Lakini soma kipengele cha kupanda kwa bei kilichojificha kurasa za nyuma za mkataba. Usajili ukiruhusiwa kupanda asilimia 7 kila mwaka, zile 200 zinakuwa 230. Nimekaa kwenye vikao virefu vya kubishania 20 ya kwanza ilhali hakuna aliyefungua kurasa hizo.

Bei hupanda pia kutokana na anachohesabu muuzaji. Kuna wanaohesabu watumiaji, kuna wanaohesabu mali zilizomo kwenye rejista. Anayehesabu mali muulize na vipande: IAS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mali za kudumu, inataka sehemu kubwa ya mali yenye muda wake wa matumizi ichakazwe peke yake, kama lifti ndani ya jengo, kwa hiyo jengo moja linaweza kuwa mistari sita. Wengine huhesabu "vitabu". Hapo jua kwamba mali moja huhitaji uchakavu wa aina mbili, ule wa hesabu za taasisi na ule wa kodi, kwa sababu mamlaka ya kodi huweka viwango vyake bila kujali makadirio yako. Kitabu cha pili huweza kutozwa kama moduli ya ziada, yaani kipande cha programu kinacholipiwa peke yake. Programu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huja na utaratibu wa kodi wa huko uitwao MACRS, uliotokana na sheria ya 1986. Kama hulipi kodi Marekani, swali lako liwe kama unaweza kuingiza viwango vyako mwenyewe bila kuita fundi wa kulipwa kwa saa.

Mikataba ya kupanga nayo mara nyingi ni moduli ya peke yake. Tangu IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mikataba hiyo, ianze kutumika Januari 2019, ofisi au gari lililokodiwa kwa muda mrefu huingia kwenye mizania kama haki ya kutumia mali, kwa hiyo taasisi iliyopanga majengo mengi haiikwepi moduli hiyo kirahisi.

Sasa gharama. Iliyo kubwa kuliko zote ni kuhamisha rejista ya zamani, na ukubwa wake hutegemea hali ya rejista yenyewe.

Rejista nyingi zina mstari kama huu: "Kompyuta 15, ofisi kuu, 15,000." Basi. Programu haipokei mstari wa namna hiyo ikafanya kazi yake sawasawa. Inataka kila kompyuta iwe na namba yake, bei yake, tarehe iliyoanza kutumika, muda wa matumizi, mahali ilipo na aliyekabidhiwa. Tuseme muda wa matumizi ni miaka 5, uchakavu ni sawa kila mwaka, na mwishoni hakuna thamani inayotarajiwa kubaki. Miaka 3 imepita, kwa hiyo mstari mzima umechakaa 9,000 na umebakiwa na 6,000. Ukigawa, kila kompyuta iliingia kwa 1,000, imechakaa 600, imebaki 400. Mtu anatumwa kwenda kuzihesabu, anarudi na 11. Nne hazipo: moja iliungua, moja aliondoka nayo aliyestaafu, mbili hakuna anayejua. Hizo nne zinapaswa kutoka vitabuni: 4,000 upande wa bei ya ununuzi, 2,400 upande wa uchakavu uliolimbikizwa, na 1,600 inayobaki ni hasara ambayo lazima mkubwa fulani aiwekee sahihi. Mkubwa huyo naye atataka maelezo ya zile mbili.

Huo ni mstari mmoja. Fikiria rejista yenye mistari 900. Muuzaji ataandika kwamba kuhamisha data ni siku 3, na hadanganyi: siku 3 ni za kupakia faili ambalo tayari ni safi. Kulisafisha ni kazi yako, na watakaolisafisha ni wahasibu walewale wanaotakiwa kufunga mwezi. Ndiyo maana nashauri rejista isafishwe kabla hata ya kuomba proforma. Utajua una mali ngapi za kweli, na anayetoza kwa idadi ya mali hatakutoza kwa ajili ya vitu ambavyo havipo tena duniani.

Kuhesabu huko huleta matumizi mengine, ya lebo za bakodi na vifaa vya kuzisomea. Lebo ya karatasi haidumu kwenye mashine yenye joto na mafuta, kwa hiyo hapo utahitaji ya chuma. Visomaji vya bakodi usivikimbilie. Simu za kawaida husoma bakodi, mradi programu yenyewe iwe inaruhusu.

Kisha kuna miezi ya kuendesha mifumo miwili kwa pamoja, Excel ya zamani na programu mpya, mpaka namba zilingane. Hazitalingana mara moja. Mashine ya 36,000 yenye muda wa miaka 3 huchakaa 1,000 kwa mwezi. Imeanza kutumika tarehe 20 ya mwezi wa siku 30. Excel yako imetoza mwezi mzima, 1,000. Programu imehesabu siku 11 na kutoza 367. Hakuna aliyekosea, ni kanuni mbili tofauti, ila mtu atamaliza asubuhi nzima akiitafuta 633 kabla ya kugundua hilo. Kwenye bajeti weka angalau miezi 2 ya hali hiyo, na isiangukie wakati wa kufunga mwaka.

Mafunzo na kuunganisha programu na leja kuu huwa vimeshaandikwa kwenye proforma, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Chunguza tu huo muunganiko ni wa aina gani. Kama ni faili la kupakua huku na kulipakia kule kila mwezi, basi umeuziwa kazi ya mikono kwa jina la kupendeza.

Swali ambalo wahasibu hawaachi kuuliza ni kama gharama hizi nazo zinaweza kuingizwa vitabuni kama mali. Leseni iliyonunuliwa na kuwekwa kwenye seva yako kwa kawaida hutimiza masharti ya IAS 38, ile ya mali zisizoshikika, pamoja na matumizi ya moja kwa moja ya kuiandaa ifanye kazi. Mafunzo hayamo, hayo ni matumizi ya kipindi husika. Usajili ni habari nyingine. Programu iko chini ya udhibiti wa muuzaji, wewe unanunua huduma, na uamuzi wa kamati ya ufafanuzi wa IFRS wa mwaka 2021 ulieleza kwamba hata fedha za kuipangilia na kuirekebisha ikufae mara nyingi huishia kuwa matumizi, hazigeuki mali. Kwa hiyo usajili unaoonekana mwepesi kwa fedha taslimu unaweza kuumiza faida ya mwaka wa kwanza kuliko leseni.

Na je, kila mtu anaihitaji? Kwa maoni yangu, mwenye mali 60 zisizohamahama na mtu mmoja anayezijua kwa majina abaki na Excel, aitunze vizuri na aweke nakala ya akiba. Programu huanza kulipa pale mali zinapotembea kutoka tawi hadi tawi, vitabu vinapokuwa viwili, na mkaguzi anapouliza nani alibadilisha muda wa matumizi wa gari lile na lini.

Gharama ya mwisho ni ya kutoka, na hiyo hujadiliwa kabla ya kuingia. Mkataba useme kwa maandishi kwamba siku ukiondoka utapewa faili la CSV au Excel lenye kila mali, bei yake ya awali, uchakavu uliolimbikizwa na kumbukumbu za mabadiliko yote, na useme pia utalipia kiasi gani kulipata. Bila hivyo unaweza kukabidhiwa ripoti ya PDF yenye kurasa 400, ukaanza kuandika upya mstari kwa mstari, kuanzia kompyuta ya kwanza.