Kurusha kwa chini hakuulindi mkono wa mtoto

Marekani, wazazi wengi wa wasichana wanaocheza softiboli, mchezo unaofanana na besiboli, wameambiwa kwa miaka mingi kwamba kurusha mpira kwa chini, yaani kuuachia mkono ukiwa chini ya bega, ni mwendo wa asili, hivyo mkono hauchoki. Ndiyo maana mtoto mmoja huachiwa arushe katika mechi mbili, hata tatu, kwa siku moja. Kwenye besiboli, ambako mpira hurushwa kwa juu, Little League, shirika la ligi za watoto, ilianza kuweka kikomo cha idadi ya marusho mwaka 2007.

Vipimo vya maabara vinasema vingine. Mkono unapozunguka duara zima na kukaribia kuachia mpira, nguvu inayouvuta mkono nje ya kiungo cha bega hukaribia uzito wa mwili wa mrushaji. Msuli wa mbele wa mkono wa juu hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo, na mara nyingi maumivu huanzia hapo, mbele ya bega.

Kwa hiyo anza na miguu. Mtoto ajisukume kwa nguvu kutoka kwenye kibao anachokikanyaga mrushaji, kisha mguu wa mbele utue imara na kuuzuia mwili usiendelee kuteleza. Hapo nguvu hupanda kupitia nyonga na kiwiliwili, na mkono hufuata ukiwa umelegea. Mpira uachiwe karibu na nyonga. Kumhimiza apinde kifundo cha mkono kwa nguvu, kosa ninaloliona mno, humkakamaza tu.

Na akisema bega linauma, asirushe tena siku hiyo, hata kama ni fainali.