Barafu Inayofika Baharini: Dhana Potofu Kuhusu Milima na Njia za Kenai, Alaska

Msomaji wa Afrika Mashariki akitajiwa barafu ya mlimani, picha inayomjia kwanza ni kilele cha Kilimanjaro: weupe ulio juu kabisa, mbali na makazi ya watu, unaofikiwa kwa siku kadhaa za kupanda. Kwa Kilimanjaro picha hiyo ni sahihi. Ikihamishiwa kwenye milima ya Kenai, katika pwani ya kusini ya jimbo la Alaska nchini Marekani, inapotosha, na mara nyingine inahatarisha maisha ya mtu. Hifadhi ya Taifa ya Kenai Fjords, iliyoanzishwa kwa sheria ya Desemba 1980, inalinda sehemu kubwa ya Uwanda wa Barafu wa Harding, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,800. Kutoka uwanda huo hushuka barafuto, yaani mito ya barafu, zipatazo 40, na baadhi yake huishia ndani ya maji ya chumvi. Lango la kuingilia ni mji mdogo wa bandari uitwao Seward.

Dhana: Barafu huwa nyingi zaidi pale penye baridi kali zaidi

Kama ingekuwa hivyo, mji wa Fairbanks, ulio ndani kabisa ya Alaska, ungekuwa umezungukwa na barafuto, kwa kuwa wastani wa joto lake la Januari hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Seward, kwa kulinganisha, ina majira ya baridi ya wastani tu, na bandari yake haigandi mwaka mzima. Ndiyo sababu reli ya Alaska iliyokamilika mwaka 1923 ilianzia hapo. Hata hivyo, milima inayoizunguka Seward imejaa barafu.

Kinachoamua ni theluji. Upepo wenye unyevu kutoka Ghuba ya Alaska hugonga milima ya pwani, hulazimika kupanda, hupoa na kumwaga unyevu wake. Juu ya Uwanda wa Harding huanguka zaidi ya mita 10 za theluji kwa mwaka, na kiangazi hakitoshi kuiyeyusha yote. Inayobaki hufunikwa na ya mwaka unaofuata, hugandamizwa, hewa iliyomo hubanwa na kutoka, hadi panakuwa na barafu nzito inayoanza kutiririka kwa uzito wake yenyewe. Fairbanks ina baridi lakini ni kavu mno. Hata katika Zama za Barafu, wakati pwani hii ilipokuwa imefunikwa, sehemu kubwa ya Alaska ya ndani haikuwa na barafuto kabisa.

Dhana: Aliyefika kilele cha Uhuru hawezi kutishwa na vilima hivi

Ni kweli kwamba vilele vya Kenai ni vifupi. Vilivyo virefu zaidi hupita mita 2,000 kwa kidogo tu, ambayo ni chini ya nusu ya mita 5,895 za Kilimanjaro. Lakini eneo hili liko karibu na latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, na barafuto za Aialik na Holgate zinafika usawa wa bahari, ambako abiria wa mashua huziona zikimeguka. Hapa hakuna mtu anayeumwa na kichwa cha kukosa oksijeni. Hatari ya hapa ni nyingine.

Njia maarufu zaidi, ile inayopanda hadi ukingo wa Uwanda wa Harding, ina urefu wa zaidi ya kilomita 13 kwenda na kurudi, na hupanda takriban mita 1,000 kupitia vichaka, mabonde yenye maua na kisha mawe na theluji ambayo sehemu za juu hukaa hadi Julai. Watu wengi huitembea kwa muda wa saa sita hadi nane. Kilimanjaro kanuni humlazimu mpandaji kuwa na kiongozi, na wapagazi hubeba mahema, chakula na maji. Kenai mtembeaji anaweza kuingia njiani peke yake, na anachohitaji ni lazima kiwe mgongoni mwake. Mvua ya baridi na upepo, katika joto la nyuzi saba au nane tu juu ya sifuri, hutosha kushusha joto la mwili wa mtu aliyevaa jinzi na fulana ya pamba hadi akaanza kutetemeka, kusemasema ovyo na kupoteza uamuzi. Hilo hutokea bila barafu yoyote kumgusa. Nguo za sufu au za nyuzi zinazokauka haraka, pamoja na koti lisilopitisha maji, ni za lazima hata asubuhi yenye jua.

Mlima Marathon, ulio juu ya mji wa Seward wenyewe, unastahili onyo lake. Mbio zake za kila tarehe 4 Julai, zinazofanyika rasmi tangu 1915, huwafanya wageni waamini kwamba kupanda hadi mita 921, mahali wakimbiaji wanapogeukia, ni mazoezi ya asubuhi. Njia ya wakimbiaji ni mteremko mkali wa miamba na changarawe zinazoteleza, na wakimbiaji wenyewe huumia humo.

Dhana: Barafuto inaporudi nyuma, barafu hupanda mlima

Kosa hili linatokana na lugha tunayotumia, na linastahili kufafanuliwa kwa makini, kwa sababu mgeni asiyelielewa hupita mbele ya ushahidi bila kuuona. Barafu haiachi kuteremka. Katika barafuto ya Exit, iliyopata jina lake mwaka 1968 wakati kundi la kwanza linalojulikana kuuvuka Uwanda wa Harding lilipotokea hapo, barafu ya juu inaendelea kusukumwa chini kila siku. Kinachorudi nyuma ni ncha yake, kwa kuwa kule chini inayeyuka haraka kuliko barafu mpya inavyoletwa.

Kando ya barabara na njia za kuielekea kuna vibao vyenye miaka, vinavyoonyesha mahali ncha hiyo ilipokuwa. Tuta la mawe la mwaka 1815 liko mbali chini bondeni, zaidi ya kilomita 2 kutoka ilipo barafu sasa. Kati ya kibao na kibao, msitu nao unaeleza umri wake: karibu na barafu ni mawe matupu, kisha mimea midogo, kisha vichaka na mipopla, na mwisho misonobari mikubwa. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alitembea njia hizi Septemba 2015 akiwa rais wa Marekani, kuwaonyesha watu mabadiliko ya tabianchi. Sioni mahali pengine ambapo somo hilo linaweza kusomwa kwa miguu kwa urahisi namna hii, maana njia ya chini ni tambarare na sehemu yake inapitika hata kwa kiti cha magurudumu.

Bonde la Portage, kaskazini mwa Seward, lina mfano mwingine. Jengo la wageni lililofunguliwa hapo mwaka 1986 lilijengwa ili watu waitazame barafuto kupitia madirisha yake. Leo barafuto hiyo haionekani tena kutoka humo.

Dhana: Barafuto ya Hubbard inasonga mbele, kwa hiyo dunia haipati joto

Hoja hii hurudiwa sana, na nusu yake ya kwanza ni kweli. Hubbard, iliyo mashariki zaidi katika pwani hiyohiyo, imekuwa ikisonga mbele tangu ilipopimwa mara ya kwanza mwaka 1895, na mwaka 1986 na tena 2002 iliziba mlango wa hori la Russell na kuligeuza ziwa kwa muda. Lakini barafuto zinazoishia baharini zina mwenendo wao. Hubbard hulishwa na eneo kubwa lililo juu sana, na husukuma mbele yake tuta la mawe na tope linaloikinga ncha isielee katika maji ya kina. Barafuto ya namna hiyo ikiachana na tuta lake, humeguka kwa kasi ya kutisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa barafuto ya Columbia, ambayo tangu miaka ya 1980 imepoteza zaidi ya kilomita 20 za urefu. Kuchagua barafuto moja inayokua na kuyafumbia macho mamia yanayopungua Alaska nzima si ushahidi.

Dhana: Safari haijakamilika mpaka uiguse barafu

Picha za zamani zinaonyesha watu wamesimama kando ya barafuto ya Exit, wakiiwekea mkono. Sasa ncha imepanda kwenye korongo la mwamba, na kuifuata ni kujiweka chini ya mapande yanayoanguka bila onyo. Mapango ya barafu ni hatari zaidi kadiri yanavyovutia, kwa kuwa huundwa na kuyeyuka kulekule kunakoyabomoa. Mito inayotoka chini ya barafu nayo hufurika alasiri ya siku ya jua bila tone la mvua, na kivuko cha asubuhi huenda kisivukike jioni. Rangi ya buluu ambayo watu huifuata haitoki angani: barafu nzito humeza mwanga mwekundu na kuacha wa buluu upite.

Dhana: Kuna dubu weupe na pengwini

Hawapo. Dubu weupe huishi pwani za kaskazini na kaskazini-magharibi za Alaska, na pengwini hawaishi Alaska kwa asili. Dubu weusi ndio wanaoonekana mara kwa mara kwenye njia ya Harding, na wale wa kahawia pia wapo. Mtu hutembea akizungumza kwa sauti, na akikutana na dubu hakimbii.

Dhana: Njia ya pwani iko wazi saa zote

Mtu aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja ana faida hapa. Njia ya Caines Head, kusini mwa Seward, hupita msituni hadi Tonsina, kisha hushuka ufukoni kwa kilomita kama nne, na sehemu hiyo hupitika maji yakipwa tu. Hapo Tonsina kuna miti mikavu iliyosimama, iliyokufa baada ya ardhi kudidimia katika tetemeko la tarehe 27 Machi 1964, lenye ukubwa wa 9.2, na maji ya chumvi kuifikia mizizi. Jedwali la maji kupwa na kujaa husomwa kabla ya kuondoka, na si kila kupwa kunatosha. Siku ambazo maji hayapungui vya kutosha, safari huahirishwa. Mtu huingia ufukoni maji yakiwa bado yanatoka, na anayechelewa upande wa pili hungoja kupwa kunakofuata kunakotosha, muda wa saa kama 12 au zaidi.