Giovanna Daffini, mwimbaji aliyetoka kwenye majaruba ya mpunga

Anayeniuliza kuhusu nyimbo za jadi za Italia mara nyingi huanza na “Bella ciao”, wimbo maarufu wa wapiganaji wa msituni waliopambana na ufashisti. Mimi humjibu kwa kumtaja mwanamke asiyejulikana sana nje ya nchi yake, Giovanna Daffini, kwa sababu ubishi mkubwa kuhusu wimbo huo ulipitia kwenye koo lake.

Alizaliwa tarehe 22 Aprili 1914 huko Villa Saviola, katika eneo la Motteggiana, mkoa wa Mantova, karibu na mto Po. Baba yake alikuwa mpiga fidla, na binti alianza kuimba kwenye harusi na sherehe za vijijini angali mdogo. Alipokuwa msichana akaingia pia kwenye vibarua vya msimu, kupalilia mpunga upande wa Vercelli na Novara. Wapaliliaji hao wanawake waliitwa mondine. Kuanzia mwishoni mwa Mei, kwa siku 40 hivi, walishinda majini wameinama, wakang'oa magugu huku mbu wakiwauma na nyapara akiwa amesimama juu yao. Usiku walilala kwenye mabweni ya shambani. Sehemu ya ujira wao ilikuwa mchele. Hawakuwa wanyonge, lakini: mwaka 1906 wapaliliaji wa Vercelli walipigania kazi ya saa nane kwa siku wakaipata, na madai yao yaliimbwa humo humo majini.

Giovanna aliolewa na Vittorio Carpi, naye mpiga fidla, wakaishi Gualtieri katika mkoa wa Reggio Emilia. Mume fidla, mke gitaa na sauti. Kwenye harusi na sherehe ndiko walikopatia riziki, na hapa ningependa msomaji atulie kidogo. Mwanamuziki wa harusi hachagui. Akiombwa waltz anapiga waltz, akiombwa kipande cha opera anaimba, na akiombwa kisa kirefu cha mapenzi na mauaji, nacho anacho. Kwa hiyo ndani ya kichwa cha Daffini nyimbo za mpunga zilikaa pamoja na za dansi, za siasa na za jukwaani. Sauti yake nayo ilijengwa na kazi hiyo: kali, nyembamba, yenye kupita puani kidogo, sauti ya kusikika uani bila kipaza sauti.

Mwaka 1962 watafiti Gianni Bosio na Roberto Leydi walimrekodi. Miongoni mwa nyimbo alizowaimbia kulikuwa na “Bella ciao” yenye maneno ya mondine: kuamka alfajiri, kwenda kwenye mpunga, mbu, nyapara na fimbo yake, na mwishoni tumaini la kufanya kazi kwa uhuru. Watafiti wakafurahi mno. Wakaona wamepata mzazi wa ule wimbo wa wapiganaji wa msituni.

Mwaka 1964 onyesho lililobeba jina la wimbo huo lilifika kwenye tamasha la Spoleto, Daffini akiwa jukwaani na umri wa miaka 50. Ukumbi ulichafuka, hasa mwimbaji mwenzake Michele Straniero alipoimba ubeti wa kuwashutumu maofisa wa jeshi kwa mapigano ya Gorizia ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Alishtakiwa kwa kulitukana jeshi. Giovanna Marini, aliyekuwa kwenye kundi la waimbaji wa onyesho hilo, alikuwa akisimulia kwamba bibi mmoja tajiri alipaza sauti akisema hakulipa kiingilio ili aje kumsikiliza mtumishi wake wa nyumbani.

Mwaka uliofuata likaja pigo jingine. Vasco Scansani, mtu wa Gualtieri hiyo hiyo, aliliandikia gazeti la l'Unità akisema maneno yale ya mpunga aliyatunga yeye mwaka 1951. Yaani maneno ya mondine yalikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, yakapandishwa juu ya wimbo ambao wapiganaji walishakuwa nao. Hadi leo bado utakuta maandishi yanayorudia hadithi ya kwanza kana kwamba barua ile haikuandikwa.

Wapo wanaoona doa hapo katika sifa ya Daffini. Mimi silioni kabisa. Kosa lilikuwa la matarajio ya watafiti, waliomtaka awe chombo kilichohifadhi mambo ya kale bila kuguswa. Yeye alikuwa fundi wa muziki. Wimbo mpya ulizaliwa kijijini kwake, ukaelezea kazi aliyoijua kwa mgongo wake mwenyewe, akauchukua, akaurekebisha kidogo, akauimba. Nyimbo za jadi huishi hivyo kila mahali nilikowahi kuzichunguza.

Mwaka 1966 alishiriki onyesho la “Ci ragiono e canto” lililoongozwa na mwandishi wa tamthilia Dario Fo. Alifariki Gualtieri tarehe 7 Julai 1969, akiwa na miaka 55. Umaarufu wake haukufikisha hata miaka kumi. Anayetaka kumsikia vizuri aanze na santuri ya 1967, “Una voce, un paese”, ambamo Vittorio anampigia fidla. Sikiliza jinsi fidla inavyomfuata mwimbaji badala ya kumwongoza.