Korona haikuchukua barabara, ilichukua kundi

Juzi kwenye semina ya makocha hapa Eldoret, mwenzetu mmoja alisimama akasema tena yale yale: kwamba wakati wa Korona riadha haikuumia sana, maana mkimbiaji anahitaji viatu na barabara tu, na barabara haikufungwa. Wengi wakaitikia kwa vichwa. Akaongeza ushahidi: mwaka 2020 rekodi za dunia zilivunjwa. Hoja hii nimeisikia hotelini, nimeisikia kwenye matatu, nimeisikia redioni. Sasa imefika mbele ya makocha, na siwezi kunyamaza.

Kwanza, riadha si mbio ndefu peke yake. Viwanja vilipofungwa Machi 2020, nilikuwa namsaidia kijana mmoja wa kurusha mkuki. Mikuki ilibaki stoo, mlango ukatiwa kufuli. Miezi ikapita akirusha mawe shambani kwao. Jiwe halipai kama mkuki, halikuadhibu ukikosea pembe. Alipourudia mkuki, alikuwa anavuta kwa bega badala ya kuanzia mguuni, na bega likaanza kuuma. Wa kupokezana vijiti hawawezi kujifunza kupokea kijiti bila mtu wa kuwapa. Wa kuruka viunzi na maji, dimbwi lao liko uwanjani. Nayaacha hayo, kwa sababu wanaobishana nami hawawahesabu hata hao.

Tuje kwa wa mbio ndefu, maana hapo ndipo kosa lenyewe lilipo.

Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila Alhamisi asubuhi, kabla ya Korona, mamia ya wakimbiaji walikusanyika kwenye barabara ya udongo kwa fatleki: dakika moja ya nguvu, dakika moja ya kulegeza, mara 25, au mbili kwa moja. Mgeni akiliona kundi lile hudhani ni mapenzi ya kukimbia pamoja. Lile kundi ni kipimo. Mkimbiaji wa kawaida anajua mahali pake: nyuma ya yule, mbele ya huyu. Akijikuta amempita mtu ambaye huwa hampiti, anajua amezidisha na anapunguza mapema. Kwenye mwinuko huu, ukivuka kiwango chako dakika ya tano, hewa ya kukurudisha haipo, na zoezi lote lililobaki limeharibika. Saa ya mkononi haisaidii sana, kwa sababu barabara zetu ni milima na mabonde na kasi ya kilomita moja haifanani na ya pili.

Serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi, mikusanyiko ikapigwa marufuku, kambi zikafungwa, na kuanzia tarehe 27 kukawa na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Hata Eliud Kipchoge aliondoka kambini Kaptagat akafanya mazoezi peke yake. Wangu walirudi makwao, mmoja mmoja. Nilikuwa nawapigia simu na kuwatumia programu. Walikimbia, tena kilomita nyingi. Tatizo ni namna walivyokimbia. Siku ya nguvu, mtu aliye peke yake hujionea huruma au hujiunguza. Siku ya kulegea, ambayo ndani ya kundi huanza polepole kabisa watu wakipiga soga, alikuwa anaharakisha ili amalize arudi shambani. Wiki baada ya wiki, kila siku ikawa vuguvugu. Mwili haukuchoka vya kutosha ili ujengeke, wala haukupumzika vya kutosha ili upone. Nilikuja kuliona Juni, nilipowapima kwenye kipande cha kilomita tano: pumzi ipo, nguvu ya kumalizia haipo.

Halafu tarehe. Kocha humnoa mkimbiaji kwa wiki sita hadi nane kabla ya shindano, na ukali huo hauwekwi akiba. Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa tarehe 24 Machi. Kufuzu kukasimamishwa kuanzia tarehe 6 Aprili. Shindano la Kip Keino Classic la Nairobi lilipangwa Mei, likasogezwa Septemba, likafanyika Oktoba 3. Utamnoa mtu kwa tarehe ipi? Niliwanoa wawili kwa tarehe ambazo hazikufika. Mmoja aliumia ukano wa kisigino akiwa kwenye kilele ambacho hakikuwa na shindano.

Sasa zile rekodi. Joshua Cheptegei wa Uganda alikimbia mita 5,000 kwa 12:35.36 huko Monaco tarehe 14 Agosti, na mita 10,000 kwa 26:11.00 huko Valencia tarehe 7 Oktoba. Ni kazi ya ajabu. Lakini pale alirudishiwa kila nilichokieleza: wakimbiaji wa kumwekea kasi mbele yake, na taa za ukingoni zikimwonyesha mwendo. Waliokimbia marathoni ya London Oktoba 4 walizunguka bustani ya St James's Park, mabingwa wateule peke yao. Mkimbiaji wa kiwango cha kati, yule anayelipa kodi ya nyumba kwa mbio ndogo za barabarani Ulaya, hakualikwa popote. Yeye hayumo kwenye orodha ya rekodi, ndiyo maana mnadhani hakuumia.

Na wale wanaosema kinyume, kwamba Wakenya walilala, huleta Juni 11, timu ya Norway iliposhindana na ya Kenya, kila moja ikikimbia nchini kwake: Jakob Ingebrigtsen mita 2,000 kwa 4:50.01 Oslo, Timothy Cheruiyot wetu 5:03.05 uwanja wa Nyayo, Nairobi. Oslo iko karibu na usawa wa bahari. Nyayo iko juu ya mita 1,600, na siku ile mvua ilinyesha. Huwezi kulinganisha.

Hata hivyo, lipo jambo linalonisumbua. Wachache wangu, hasa waliokuwa wamechoshwa na safari na mbio nyingi, walirudi Septemba wakiwa imara kuliko nilivyowahi kuwaona. Miezi ya kukimbia bila mashindano iliwajenga. Viatu vipya vya soli nene ya povu, vinavyoongeza kasi, vilikuja wakati uleule, kwa hiyo sithubutu kugawa sifa: hii ya mapumziko, hii ya povu la kiatu. Tangu hapo nimepunguza mbio ninazowapeleka kwa mwaka.

Marufuku ikirudi, nitagawa kikosi kuwa watu wanne wanne wenye kasi moja, wanaoishi karibu, na hao hawatabadilishwa. Kila wiki ya sita watashindana na saa, kwa tarehe niliyoiweka mimi, isiyosogezwa na mtu. Na kijana wa mkuki ataondoka na mkuki wake siku ya kwanza, kabla mtu hajafika na kufuli.